Masta huombwa ukiwa mwaka wa pili: njia za shahada za juu katika vyuo vikuu vya Kikristo Marekani

Nilikuwa mwaka wa tatu, muhula wa pili, siku mshauri wangu wa masomo alipochapa karatasi ya masomo niliyokwisha kuyafanya na yaliyobaki. Akachukua kalamu nyekundu, akazungushia nafasi nne zilizoandikwa "somo la hiari", akaniuliza: "Hizi ungezijaza kwa masomo ya uzamili. Mbona hukuomba?" Nikamwambia ukweli, sikujua kama ni kitu cha kuombwa. Dirisha la maombi lilikuwa limefungwa mwaka mmoja nyuma. Miaka michache baadaye nilirudi kusoma masta kwa pesa yangu, na matatu kati ya masomo yale manne niliyalipia bei kamili.

Wengi wetu tumekua na ngazi moja kichwani: umalize digrii, upate kazi, utulie, ndipo ufikirie masta. Vyuo vikuu vya Marekani havijapangwa hivyo, na vile vya Kikristo, ambavyo vingi ni vya binafsi na vya ukubwa wa wastani, vinashindania wanafunzi kwa mipango inayounganisha shahada mbili. Tunavikimbilia kwa sababu tunazozijua wenyewe: mzazi moyo unatulia, madarasa ni madogo, mchungaji amependekeza. Si sababu mbaya. Ila ukiishia hapo unalipa ada ya chuo binafsi halafu kilicho kizuri zaidi ndani yake kinakupita.

Nne jumlisha moja

Mpango unaopatikana zaidi huitwa "4+1". Shahada ya kwanza Marekani huwa na krediti (vipimo vya uzito wa masomo) zipatazo 120. Ya uzamili katika fani nyingi huwa na 30 hadi 36. Katika mpango huu, mwanafunzi wa mwaka wa nne husoma masomo matatu au manne ya uzamili (utayatambua kwa namba, mara nyingi huanzia 500) na krediti zake, kama 9 hadi 12, zinahesabiwa kote kuwili. Akimaliza digrii amebakiza mwaka mmoja tu wa masta badala ya miwili.

Nafuu kubwa imejificha kwenye ada. Vyuo vingi vya binafsi hutoza ada moja kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma krediti 12 hadi 18 kwa muhula. Awe na 13 au 17, analipa kilekile. Kwa hiyo masomo yale ya uzamili anayasoma ndani ya ada ileile, na ufadhili wake wa shahada ya kwanza bado unafanya kazi. Mtu anayerudi baadaye, kama mimi, hulipa kwa kila krediti.

Masharti ya kuingia kwa kawaida ni wastani wa alama, GPA, wa 3.0 hadi 3.5, barua moja au mbili za walimu, na ombi linalopelekwa mwaka wa pili au mwanzoni mwa wa tatu. Mtihani wa GRE, wa kuingilia uzamili, vyuo vingi havidai tena kwa mwanafunzi wao wenyewe.

Sasa, kuna siku moja ndani ya mpango huu unayotakiwa kuijua kwa tarehe. Ni siku chuo kinapokutoa kwenye daftari la shahada ya kwanza na kukuandika mwanafunzi wa uzamili. Siku hiyo Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wenye kipato cha chini, inakatika, na ufadhili wa chuo uliopewa ulipoingia mara nyingi unakatika nao. Vyuo vingine hukuhamisha ukishafikisha krediti 120, hata kama wewe ulidhani una muhula mzima mbele yako. Hapa ndipo kijana aliyepewa krediti nyingi za kidato cha sita anaponaswa. Vyuo vingi hutoa krediti kwa masomo ya A-level uliyofaulu vizuri, sisi tunashangilia, kumbe amefika 120 mapema na msaada umekatika mapema. Andika barua pepe kwa ofisi ya misaada ya fedha, uliza swali moja tu: "Nitahamishwa lini, na siku hiyo ninapoteza nini?" Majibu ya simu hayahesabiki. Aliyekujibu Jumatatu anaweza asiwepo muhula ujao.

Kwenye mikopo pia mambo yamebadilika. Sheria iliyopitishwa 2025 inafunga Grad PLUS, mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa uzamili, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026. Mkopo wa serikali kwa masta ya kawaida una kikomo cha dola 20,500 kwa mwaka na 100,000 kwa jumla. Wenye green card, wakimbizi na waliopewa hifadhi wanaweza kujaza FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya serikali, kama raia. Ndugu zetu Wakongo na Warundi waliokuja kwa njia ya ukimbizi wengi hawalijui hili, wanajiona kama wageni wa viza. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi, ndiye haguswi na pesa hizo.

Mwenye F-1 ana hesabu yake ya pembeni. Ruhusa ya kufanya kazi baada ya masomo, OPT, ni miezi 12 kwa kila ngazi ya shahada. Ukiunganisha digrii na masta bila kupumua, miezi 12 ya shahada ya kwanza imepotea. Kwa fani za STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), ambako unaongezewa miezi 24, huenda usijali. Kwa masta ya ualimu au uongozi wa kanisa, miezi ile ina uzito. Angalia msimbo wa fani kwenye fomu yako ya I-20, ile chuo kinayokupa kwa ajili ya viza. Jina la programu lisikudanganye.

Wauguzi

Hapa nitakaa kidogo, maana nusu ya watu ninaowafahamu wako kwenye kazi za kuhudumia wagonjwa na wazee. Mtu anaanza na CNA (msaidizi wa muuguzi), anapata RN (muuguzi aliyesajiliwa) kwa shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii, halafu anaona tangazo la chuo kikuu cha Kikristo: RN hadi BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi), au RN moja kwa moja hadi MSN (masta yake), mtandaoni, unasoma kwa muda wako. Njia hizi ni halali na nyingine ni nzuri sana. Waadventista wana Loma Linda huko California, chuo kizima cha sayansi za afya.

Kabla hujalipa, angalia mambo mawili. La kwanza ni ithibati ya programu yenyewe. Ya chuo peke yake haitoshi, kwa uuguzi tafuta ya mashirika ya CCNE au ACEN. La pili ndilo linalotoa watu machozi. Ukisomea nurse practitioner, muuguzi anayepima na kuandika dawa, unahitaji saa za mazoezi chini ya mtaalamu anayekusimamia, wanayemwita preceptor. Vyuo vingine vinakutafutia. Vingine vinakuambia ujitafutie. Dada mmoja wa kanisani kwetu alimaliza masomo yote ya darasani, kisha akakaa miezi saba akipiga simu kliniki baada ya kliniki, akiwa ametoka zamu ya usiku, hana anayemjua. Chuo kikaendelea kumtumia bili ya ada ya kubaki kwenye daftari. Uliza: nani anatafuta preceptor, na je, chuo kina kibali katika jimbo ninaloishi?

Kwa udaktari wa tiba, neno moja. "Pre-med" si shahada. Ni fungu la masomo ya sayansi unayoyabeba ndani ya shahada yoyote. Na majina yasikuchanganye: Baylor University iko Waco, Baylor College of Medicine iko Houston, na zilitengana 1969. Mzazi anayedhani mtoto akiingia ya kwanza ameshaingia ya pili anajipa matumaini ya bure.

Uhandisi una mpango wa 3-2, miaka mitatu chuo cha Kikristo na miwili chuo kikubwa cha uhandisi, unatoka na shahada mbili za kwanza. Pepperdine, kwa mfano, imewahi kuwa na mpango huo na USC na Washington University ya St. Louis. Kumbuka ufadhili wa chuo cha kwanza kwa kawaida haukufuati cha pili.

Honors na barua za walimu

Mpango wa Honors, wa wanafunzi wenye alama za juu, watu wetu huukwepa wakidhani ni wa watoto wa matajiri au ni mzigo wa bure. Mimi nauona kama ngazi bora kuliko zote kwa anayetaka PhD. Torrey Honors College ya Biola, huko La Mirada, California, haina mihadhara kama tunavyoijua. Wanafunzi husoma vitabu vikongwe na kujadiliana kuzunguka meza moja, na kazi hiyo inachukua nafasi ya sehemu kubwa ya masomo ya jumla. Mipango mingi ya Honors humalizia na tasnifu. Unapoomba PhD, unayo kazi ya kuonyesha, na una mwalimu aliyekusoma sentensi kwa sentensi.

Vyuo vingi vya Kikristo havina pesa za kufadhili PhD. Faida yake ni kukuandaa uende penye pesa. Uliza pia kama chuo kina McNair, programu ya serikali iliyopewa jina la mwanaanga Ronald McNair aliyekufa kwenye ajali ya Challenger 1986. Humpa utafiti na posho mwanafunzi wa kipato cha chini ambaye wazazi wake hawana digrii, na vyuo vingi vinamsamehe ada ya maombi ya uzamivu. Kwa kawaida lazima uwe raia au mwenye green card.

Kwa aliyekwisha kumaliza digrii na anapenda ualimu, kuna ACE ya Notre Dame, chuo kikuu cha Kikatoliki, iliyoanza 1993. Unafundisha shule ya Kikatoliki yenye uhitaji kwa miaka miwili na unatoka na masta ya ualimu bila kulipa ada.

Theolojia

Wachungaji na watakaokuwa wachungaji, tofautisheni herufi. M.Div., masta ya uchungaji, ndiyo madhehebu mengi hudai kwa kuwekwa wakfu, na si fupi, krediti 72 kwenda juu. M.A. ya theolojia ni fupi, yafaa kwa anayetaka kusoma zaidi. D.Min. ni udaktari wa kazi ya huduma, unahitaji M.Div. au kinacholingana nayo pamoja na miaka ya utumishi. Usiufanye ukitegemea kuja kufundisha chuo kikuu, kazi hiyo ni ya Ph.D. Ukiwa umesoma Biblia na Kigiriki katika shahada ya kwanza, omba upunguziwe krediti za M.Div. Andrews University huko Berrien Springs, Michigan, yenye seminari ya Waadventista, ni mfano wa chuo ambamo shahada ya kwanza na seminari ziko kiwanja kimoja, na njia ya aina hiyo ni rahisi kuiulizia.

Seminari iwe na ithibati ya ATS, shirika linalokagua seminari. Chuo kizima kiwe kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza la ithibati la vyuo vikuu. Mashirika ya ithibati kama HLC na SACSCOC yanajulikana, na TRACS na ABHE, yanayosimamia vyuo vya dini, nayo yanatambuliwa, ingawa kuhamisha krediti kutoka huko kunaweza kukupa kazi. Nje ya hapo kuna mashirika yenye majina mazuri na nembo za dhahabu yasiyotambuliwa na yeyote. Zile PhD za heshima zinazotolewa hotelini Jumamosi kwa bahasha sizizungumzii, mnazijua. Kama una nia ya kurudi nyumbani na shahada yako, itapita mikononi mwa wasimamizi wa vyuo vikuu, TCU Tanzania, CUE Kenya au NCHE Uganda. Soma masharti yao kabla ya kusoma mtandaoni.

Aliyekuja na digrii ya nyumbani

Ofisi ya udahili ikikuambia digrii yako ya miaka mitatu haitoshi, usikate tamaa haraka. Hesabu nao: darasa la saba, miaka minne ya sekondari, miwili ya kidato cha tano na sita, mitatu ya chuo. Ni miaka 16, sawa na Mmarekani, na sawa na aliyepita 8-4-4 ya Kenya. Digrii ya Uganda nayo inahesabika hivyohivyo. Ambatanisha cheti cha kidato cha sita, maana pasipo hicho wanaiona ile mitatu peke yake.

Soma pia agano la mwenendo kabla ya kusaini. Vyuo vingine vinataka ukiri imani, vingine vinataka utii kanuni tu na vinapokea hata Waislamu. Ibada za chuo mara nyingi huhesabiwa mahudhurio, kwa hiyo anayefanya zamu za asubuhi aulize mapema.

Na transkripti ya nyumbani iagize miezi mitatu kabla. Chuo changu cha nyumbani wakati huo hakikuwa na njia ya kutuma moja kwa moja, ikabidi binamu yangu aifuate, aipokee ikiwa imefungwa na mhuri juu ya gundi, anitumie. Alifanya yote vizuri. Kisha, kwa upendo, akaifungua kuhakikisha alama ni zangu, akaifunga upya kwa gundi ya dukani. Tuliianza upya.