Somo: Kusahihisha sababu ya kuachishwa jeshi la Marekani kwenye DD 214

Wengi wanaokata rufaa baada ya kuachishwa jeshi la Marekani hukitazama kisanduku cha 24 cha fomu ya DD 214, karatasi anayopewa askari anapoachishwa, peke yake, kile kinachoeleza sifa ya utumishi: ya heshima, ya jumla, au chini ya hapo. Somo hili linahusu visanduku vya jirani. Cha 25 kinataja kanuni iliyotumika kumwondoa askari, cha 26 kina msimbo wa herufi tatu, cha 27 kina msimbo wa kurudi jeshini, na cha 28 kinaitaja sababu yenyewe kwa maneno. Mtu anaweza kuwa na sifa ya heshima kabisa kwenye cha 24, kisha cha 28 kikasema ana tatizo la haiba (personality disorder), na kila mwajiri anayedai fomu kamili akalisoma hilo. Sifa na sababu ni maombi mawili tofauti. Ukiomba sifa tu, usishangae bodi ikikujibu habari ya sifa tu.

Hatua ya 1: Kusanya makaratasi kabla ya kuandika neno lolote

Hakikisha unayo nakala ya DD 214 iitwayo Member-4. Nakala ya Member-1 haina visanduku vya 23 hadi 30, kwa hiyo wapo wanaoishi miaka bila kujua wameandikiwa sababu gani. Kisha omba faili lako lote la utumishi kutoka kituo cha taifa cha kumbukumbu kilichoko St. Louis, kwa fomu SF 180 au kupitia mtandao. Usiishie kuomba "DD 214 yangu". Taja kwamba unataka jalada la kuachishwa lote: barua ya taarifa, majibu yako, mapendekezo ya kamanda, karatasi za ushauri na onyo, ripoti za utendaji. Kwa walioachishwa kuanzia katikati ya miaka ya 1990 hadi 2013, kumbukumbu za matibabu kwa kawaida ziko VA, idara inayowahudumia maveterani, na huombwa huko.

Kama ulitumikia zamani, jua kwamba moto wa Julai 1973 pale St. Louis uliteketeza mamilioni ya mafaili, hasa ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya 1912 na 1960. Ukijibiwa kwamba faili halipo, itunze barua hiyo. Ni kielelezo, maana inaeleza kwa nini huna karatasi ambayo bodi ingetarajia kuiona.

Hatua ya 2: Chagua mlango

Milango ni miwili. DRB ni bodi ya kupitia uamuzi wa kuachishwa. Fomu yake ni DD 293 na muda wake ni miaka 15 tangu siku ya kuachishwa. BCMR ni bodi ya kusahihisha kumbukumbu. Fomu yake ni DD 149 na muda wake ni miaka 3 tangu ulipogundua kosa, ila bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki. Jeshi la nchi kavu lina bodi zake, jeshi la maji linashughulikia pia Marines, jeshi la anga linashughulikia pia jeshi la anga za mbali, na walinzi wa pwani wana bodi zao chini ya wizara ya usalama wa ndani.

Ukiwa bado ndani ya miaka 15, anza na DRB. BCMR nyingi hurudisha ombi la mtu aliyeruka ngazi hiyo, na DRB yenyewe inakupa nafasi mbili: kwanza wapitie makaratasi, na wakikataa, uombe kusikilizwa ana kwa ana, kwa simu au kwa video. Nafasi ya pili nayo lazima iombwe kabla miaka 15 haijaisha. Anayesubiri hadi mwaka wa 14 hujikuta ameipoteza.

DRB ina mipaka. Haiwezi kugusa kuachishwa kulikotokana na hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi, wala haiwezi kubadilisha sababu iwe ulemavu wa mwili au kuiondoa sababu hiyo. Mambo hayo ni ya BCMR.

Hatua ya 3: Tambua kosa ni la aina gani

Hapa ndipo rufaa hushinda au hufa. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi lilifuata taratibu. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Kuna njia mbili za kuubeba.

Ya kwanza ni kuonyesha kwamba kanuni zilikiukwa. Tafuta toleo la kanuni lililokuwa likitumika siku ile ulipoachishwa, si la leo, ulilinganishe na jalada lako mstari kwa mstari. Je, ulipewa onyo la maandishi na muda wa kujirekebisha pale kanuni ilipodai hivyo? Kama ulikuwa na miaka 6 au zaidi ya utumishi, ulielezwa haki yako ya kusikilizwa na bodi ya utawala? Kwa walioandikiwa tatizo la haiba, angalia tarehe. Tangu Agosti 2008 wizara ya ulinzi ilitaka utambuzi ufanywe na daktari wa akili au mwanasaikolojia wa ngazi ya udaktari, na kwa waliotumikia maeneo ya hatari, utambuzi uthibitishwe na mtaalamu wa pili, uidhinishwe na mganga mkuu wa jeshi husika, na suala la PTSD, yaani msongo wa akili unaobaki baada ya tukio la kutisha, lijibiwe. Jalada lenye karatasi moja ya mshauri wa kikosi halifikii hapo. Lakini kosa peke yake halitoshi. Onyesha kwamba pasipo kosa hilo kuna shaka kubwa kama uamuzi ungekuwa uleule.

Ya pili ni kuonyesha kwamba hukutendewa haki hata kama taratibu zilifuatwa. Hapa kuna nyaraka za wizara ambazo lazima uzitaje kwa jina. Waraka wa Kurta wa Agosti 2017 unahusu PTSD, jeraha la ubongo, magonjwa mengine ya akili, na unyanyasaji wa kingono, na unaitaka bodi ijiulize maswali manne: Je, kuna hali au tukio linaloweza kupunguza uzito wa kosa? Lilikuwepo wakati wa utumishi? Kweli linapunguza uzito huo? Je, linaushinda uzito wa sababu ya kuachishwa? Panga barua yako kwa maswali hayo manne, kila moja na kielelezo chake. Waraka wa Wilkie wa Julai 2018 unahusu huruma na haki kwa jumla, pamoja na maisha yako baada ya jeshi. Na kwa walioondolewa chini ya sera ya "usiulize, usiseme", iliyowaondoa askari waliojulikana kuwa wapenzi wa jinsia moja, waraka wa Stanley wa Septemba 2011 unaelekeza sababu ibadilishwe, mradi sera hiyo ndiyo iliyokuwa msingi pekee na hakukuwa na jambo lingine la kuongeza uzito.

Hatua ya 4: Andika ombi lenye maneno kamili

Usiandike "naomba rekodi yangu isafishwe". Bodi haiwezi kupiga kura juu ya sentensi hiyo. Andika hivi: naomba kisanduku cha 28 kiondolewe maneno haya na kisomeke "Secretarial Authority", cha 26 kiwe JFF, cha 25 kitaje kanuni inayolingana, na cha 27 kiwe msimbo huu. "Secretarial Authority", yaani mamlaka ya waziri, ndiyo sababu isiyo na doa ambayo bodi hutumia mara nyingi, na JFF ndio msimbo wake. Msimbo wa 26 ukiachwa kama ulivyo, umefuta maneno ukabakiza maana: JFX ni tatizo la haiba, JKK ni dawa za kulevya, JKQ ni kosa zito, na wanaofahamu wanaisoma misimbo hiyo papo hapo. Ongeza pia ombi la akiba: kama bodi haitakubali la kwanza, basi ifanye hili dogo.

Barua ya kurasa tatu hadi tano inatosha. Kila dai liishie na namba ya kielelezo, na vielelezo viwe na orodha mbele. Barua za mashahidi zitoke kwa watu waliokuona wakati ule na zieleze walichokiona: tarehe, mahali, mabadiliko ya tabia. Barua kumi za kusema wewe ni mtu mwema haziwezi kushinda moja ya sajini wako inayosema uliacha kulala baada ya mlipuko fulani. Barua ya mtaalamu iseme mambo matatu, yaani ugonjwa ni upi, ulianza lini, na uliletaje tabia iliyokuondoa. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na bodi hulitaja waziwazi inapokataa.

Maamuzi ya bodi, yakiwa yamefutwa majina, yanasomwa bure mtandaoni. Tafuta yenye msimbo kama wako. Utaona ni hoja gani ziliwashawishi.

Hatua ya 5: Tuma, kisha subiri kwa mpango

Kutuma ombi ni bure. Weka nakala ya kila ukurasa, na ukihama, ijulishe bodi siku ileile. Kwa BCMR sheria inataka asilimia 90 ya maombi yaamuliwe ndani ya miezi 10 na yote ndani ya miezi 18. Ukishinda, kagua DD 214 mpya visanduku vya 24 hadi 28 kimoja kimoja. Ukishindwa BCMR, unaweza kuomba ipitie tena kwa ushahidi ambao haikuuona awali. Kwenda mahakama ya shirikisho kupinga uamuzi kuna kikomo cha miaka 6, na huko nenda na wakili.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Niliachishwa 2004 na sababu yangu ni tatizo la haiba. Miaka 15 imepita, ndiyo basi?

Jibu: Marahaba. Hapana. Tumia DD 149 na ujaze sehemu inayouliza kwa nini umechelewa, usiiache wazi. Kama hoja yako ni PTSD au jeraha la ubongo, taja waraka wa Carson wa Februari 2016, unaozitaka bodi zisamehe ucheleweshaji kwa moyo mpana. Na kwa kuwa uliachishwa kabla ya 2008, hoja yako nzito ni kwamba sera ya sasa ni tofauti, na pengine usingeondolewa kwa sababu hiyo leo.

Swali: VA wamekwisha kunipa asilimia za PTSD. Hiyo haitoshi, kaka?

Jibu: Inasaidia sana kwa maswali mawili ya kwanza ya Kurta. Waraka wenyewe unasema uamuzi wa VA hauifungi bodi lakini ni ushahidi wenye nguvu. Maswali ya tatu na ya nne bado yanakusubiri. Ambatisha uamuzi wa VA pamoja na maelezo yake, si barua ya asilimia peke yake.

Swali: Bodi inaweza kuniharibia zaidi?

Jibu: DRB hairuhusiwi kukushusha. Ila kila unachoandika unakitia sahihi ukijua uongo ni kosa la jinai, kwa hiyo usikanushe kosa ulilokiri kwenye jalada. Lieleze.

Swali: Nikibadilishiwa cha 28 nitaweza kujiunga tena? Nina msimbo RE-4 kwenye cha 27.

Jibu: Si kwa hilo tu. RE-4 inafunga mlango, RE-3 inahitaji msamaha. Omba cha 27 kwa jina lake. Hata kikibadilika, ofisi ya kuandikisha ina vigezo vyake vya umri na afya.

Swali: Mume wangu alifariki akiwa na sababu hiyo mbaya. Naweza kuomba mimi?

Jibu: Pole sana dada. Ndiyo, mke, ndugu wa karibu au mwakilishi wa kisheria anaruhusiwa. Ambatisha cheti cha kifo na cha ndoa.

Swali: Nilipata uraia kupitia jeshi. Sababu iliyoandikwa inaweza kuugusa?

Jibu: Kinachotazamwa na sheria ya uhamiaji hapo ni kisanduku cha 24. Aliyepewa uraia kwa utumishi, kisha akaachishwa kwa sifa iliyo chini ya heshima na ya jumla kabla ya kutimiza jumla ya miaka 5 ya utumishi wa heshima, anaweza kunyang'anywa. Ukiwa katika hali hiyo, ombi lako kuu liwe la sifa, la sababu lifuate kwenye fomu ileile, na uwe na wakili wa uhamiaji kabla hujatuma.