SOMO: Kupima usumaku hafifu kwa kipande cha almasi

Wadau, habari za jioni. Somo hili niliahidi siku nyingi, ila huku Njiro umeme na mimi hatuelewani. Twende.

Almasi yenyewe si ya pete. Ndani ya hii, atomi mbili za kaboni zilizopakana zimeondoka: nafasi moja imekaliwa na naitrojeni, ya pili imebaki pengo. Ukiimulika kwa kijani inatoa mwanga mwekundu. Ukiipitishia mawimbi ya maikrowevu huku ukipandisha masafa taratibu, wekundu hufifia kidogo ukifika gigahezi 2.87. Hapo grafu inachora bonde. Penye uga sumaku bonde linagawanyika mawili: kila maikrotesla (kipimo cha nguvu ya uga) inayolala kwenye mhimili wa pengo, yaani mstari kutoka naitrojeni hadi pengo, inasukuma moja juu kilohezi 28 na jingine chini kilohezi 28. Nafasi kati yao inaongezeka kilohezi 56. Shika namba hiyo.

Hatua ya 1. Macho. Leza ya kijani ya nanomita 532 haina utani. Vaa miwani yake maalumu; ya jua haisaidii. Watoto watoke chumbani.

Hatua ya 2. Mpangilio. Gundisha almasi juu ya kitanzi kidogo cha waya wa shaba kinachopokea maikrowevu. Mbele ya fotodiodi, yaani kitambuzi cha mwanga, weka kioo chekundu kinachozuia kijani, la sivyo utakuwa unapima leza yako mwenyewe.

Hatua ya 3. Koili. Uga wa dunia huku kwetu ni maikrotesla thelathini na kitu tu, mabonde yanabanana. Yatenganishe kwanza. Nilikwenda kwa mafundi wa kusuka mota, nikapata waya, nikasuka koili mbili za kipenyo cha sentimita 10, mizunguko 56 kila moja, zikatazamana kwa umbali wa sentimita 5. Kwa ampea 1 zinatoa takribani militesla 1, yaani maikrotesla 1000, na mabonde yanaachana megahezi 56. Usitumie sumaku ya spika. Ikipata joto inalegea, na kulegea kwake ni kukubwa kuliko unachotafuta. Koili nazo zinataka chanzo kinachoshika mkondo palepale.

Zungusha almasi polepole. Mapengo yameelekea pande nne, kwa hiyo ikikaa ovyo utaona mabonde manane. Upande mmoja ukilingana na koili, yanabaki manne: mawili ya nje, na mawili ya ndani yaliyozama zaidi kwa sababu pande tatu zimelaliana. Tunafanya kazi na yale ya nje.

Hatua ya 4. Pima tofauti, usipime bonde moja. Hapa ndipo nilipoaibika. Mara ya kwanza nilifuata bonde la juu peke yake. Nikawasha saa nane mchana, chumba cha bati, nikaona linateremka, linateremka. Nikamwita mke wangu aje aone "uga unabadilika". Akaangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akafungua dirisha. Bonde likaanza kupanda.

Almasi ikipata joto, ile 2.87 yenyewe inashuka kilohezi 74 kwa kila digrii. Kwa anayefuata bonde moja, digrii moja inajifanya maikrotesla 2.6. Lakini joto linayahamisha mabonde yote mawili upande mmoja, uga unayatenganisha. Toa la chini kwenye la juu, joto limekwisha habari yake.

Hatua ya 5. Jaribio. Okota jiwe jeusi la volkano, Arusha halikosekani. Lisogeze hadi karibu liguse almasi, soma tofauti, kisha ligeuze kichwa chini usome tena. Langu lilihamisha tofauti kama kilohezi 60, yaani maikrotesla moja na ushee.

MASWALI

Dalali wa Mererani: Fundi, tanzanaiti haifai? Ninayo hapa mfukoni.

*Haifai, kaka. Ni madini mengine kabisa, pengo hilo halimo. Iuze tu.*

Mama Neema, Moshi: Na almasi ya Mwadui?

*Shikamoo mama. Naitrojeni mara nyingi imo, lakini ya ardhini huwa imekaa mbili mbili, na mapengo ni haba. Za kazi hii hutengenezwa maabara, hupigwa elektroni ili mapengo yapatikane, kisha hupashwa joto la digrii 800 na zaidi ili yatembee hadi kwenye naitrojeni.*

Kijana wa Sakina: Simu yangu ina dira. Si inapima hiyo maikrotesla moja bila mateso yote haya?

*Inapima, sikatai. Kwa jiwe la ukubwa wa ngumi, simu inatosha. Ila kitambuzi cha simu kinataka kusahihishwa kila mara, wakati kilohezi 28 ni tabia ya elektroni, haichakai. Na pengo ni dogo kiasi cha atomi, kwa hiyo almasi inasogea mahali ambapo simu haiwezi kuota. Maabara kubwa zimeshuka hadi pikotesla, sehemu ya milioni ya maikrotesla.*

Kijana wa Sakina: Grafu yangu kila bonde lina meno matatu. Nimeharibu?

*Hongera! Hiyo ni naitrojeni yenyewe, meno yanaachana megahezi 2.16. Maana yake maikrowevu yako umeipunguza nguvu vizuri. Yangu bado haijawahi kuonyesha meno. Tuma picha.*