Kupima oksijeni singleti kwa methilini bluu na DPBF

Methilini bluu ni rangi ya pete tatu zilizoungana, atomu ya salfa ikiwa kwenye pete ya kati. Ikifyonza mwanga mwekundu huipa oksijeni iliyoyeyuka nishati yake na kuigeuza kuwa oksijeni singleti, yaani oksijeni yenye nishati zaidi inayoungana upesi na vitu vingine. DPBF (difenilisobenzofurani) huinasa oksijeni hiyo na kupoteza rangi yake ya njano. Tunachopima ni kasi ya kufifia huko.

Hatua ya 1. Yeyusha mg 3.7 za methilini bluu katika mL 10 za methanoli. Unga wake hubeba maji kwa viwango tofauti, kwa hiyo usitegemee mizani peke yake. Tia mikrolita 6 kwenye kuveti (kichupa angavu cha kupimia) yenye mL 3 za methanoli, upime kwa spektrofotomita, kifaa kinachopima mwanga uliofyonzwa, karibu na nm 655. Ufyonzaji uwe kati ya 0.1 na 0.2. Usizidishe, maana molekuli zikisongamana hujipanga mbili mbili, bega (kivimbe pembeni mwa kilele cha ufyonzaji) huota karibu na nm 610 na oksijeni singleti hupungua.

Hatua ya 2. Zima taa. Yeyusha mg 2.7 za DPBF katika mL 2 za DMSO (kiyeyushi dimethili sulfoksidi), funga chupa kwa karatasi ya alumini, na utengeneze upya kila siku. Ongeza mikrolita 30 kwenye kuveti. Kwenye nm 410 utasoma karibu 1.1.

Hatua ya 3. Angaza kwa LED ya nm 660 huku sumaku ikikoroga, na uweke kichujio kinachopitisha mwanga wa zaidi ya nm 600 tu. Kichujio hiki ni cha lazima: DPBF hufyonza mwanga wa bluu na kuharibika yenyewe, nawe utadhani ni kazi ya methilini bluu. Angaza sekunde 5, soma nm 410 pekee, rudia mpaka theluthi moja ipotee. Usipige spektra nzima (ufyonzaji wa rangi zote za mwanga) kila mara, kwani hata mwali wa spektrofotomita unakula DPBF.

Hatua ya 4. Chora ln(A₀/A) dhidi ya sekunde; A₀ ni ufyonzaji wa nm 410 kabla ya kuangaza, A ni wa kila kipimo. Mstari ukianza kulala, kagua kilele cha nm 655. Kikiwa kimeshuka, methilini bluu inaungua, punguza mwanga.

Sasa majaribio ya kulinganisha, ambayo bila hayo mstari wako hauthibitishi chochote. DPBF peke yake chini ya LED isibadilike. Zote mbili gizani, vivyo hivyo. Kisha pitisha naitrojeni dakika 15, ikipitia kwanza chupa ya methanoli ili kuveti isikauke: kasi lazima ishuke sana. Isiposhuka, kinachokula DPBF si oksijeni singleti.

Methanoli ni sumu, basi fanya yote ndani ya kabati la kuvuta hewa. Kuveti iliyobaki na bluu isuuze kwa methanoli kabla ya maji. Doa dogo huongeza ufyonzaji wa kipimo kinachofuata.