Kujadili Muguka kwa Igizo Dhima Kwenye WhatsApp

Uliza darasani Mombasa kama muguka, majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, upigwe marufuku: wawili watapayuka, waliosalia watainamia madaftari. Mwenye kaka anayetafuna, au mama anayeuza, hafungui kinywa. Mpe dhima ya mtu mwingine aandike kwa simu, na kimya kitavunjika.

Mada hii ina hoja nzito kila upande. Mei 2024 Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka kuingizwa na kuuzwa katika kaunti yake. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha amri hiyo kwa muda.

Wanachuo 12 wanatosha, wawili kwa kila dhima: mkulima wa muguka kutoka Mbeere, huko bara kaunti ya Embu, mwenye kibanda Kongowea, mzazi wa Likoni, muuguzi wa afya ya akili, dereva wa tuktuk anayetafuna, wakili wa kaunti. Gavana mwenyewe asiigizwe. Mtu halisi huleta dhihaka. Kila mmoja mtumie faraghani kadi ya maneno 80 hivi: anachotaka, anachoogopa, na ukweli mmoja usiomfaa. Huo wa mwisho usiuache. Mkulima asiyejua lolote baya kuhusu zao lake atakariri tu.

Mjadala uchukue siku tatu, saa mbili asubuhi hadi saa tatu usiku. Kila ujumbe uanze na dhima, MKULIMA au MZAZI, kwa herufi kubwa. (Usiwaambie wabadilishe jina la WhatsApp, hata shangazi zao wataliona.) Ujumbe wa sauti marufuku: haunukuliki, na unakula bando. Kabla ya kupinga, mtu aeleze hoja ya mwenzake hadi mwenzake ajibu "ndivyo".

Mambo huharibika neno "nyinyi watu wa bara" linapoingia. Hapo anayepigwa si mkulima tena bali mwanafunzi. Funga kikundi, wasimamizi pekee waandike, kisha mwombe faraghani aliyekosea aandike upya akianza na kile dhima yake inachoogopa. Hakikisha pia wamekubaliana tangu mwanzo kutosambaza skrinshoti.

Siku ya nne ni ya kuvua dhima, na usiiruke hata muda ukibana, la sivyo kuna atakayeitwa "muuza muguka" hadi muhula uishe. Kila mmoja aandike kwa jina lake: ninachoamini mimi, na hoja moja ya upande wa pili iliyonishinda kujibu. Alama zitoke kwenye hoja hiyo na kwenye zile "ndivyo" alizopata, si kwa aliyeshinda.