Paa lavujia kwenye maungio: jinsi ya kulikagua paa la nyumba yako kabla hujamwita fundi

Paa linapoanza kuvuja, mwenye nyumba huonyesha bati lililo juu ya doa la darini na kusema, "Hilo hapo." Mara nyingi silo. Maji yakishapenya hushika mbao, yakateremka nayo mita moja, mbili, hata tatu, ndipo yadondoke. Na katika kazi yangu ya kuezeka, bati lililotoboka katikati nimelikuta mara chache sana. Karibu kila mara maji huingia pale vitu viwili vinapokutana: mteremko na mteremko, paa na ukuta, bati na skrubu. Kwa hiyo ukaguzi wote ulio hapa chini ni wa kufuata maungio.

Tafuta pima maji, ubao ulionyooka wa mita 1, futikamba, tochi, bisbisi na mpira wa kumwagilia. Simu yenye kamera inayovuta mbali itakuepusha kupanda juu. Juu ya paa usipande, hasa likiwa na umande au vigae. Kazi yako utaifanyia darini na chini uwanjani.

Hatua ya 1: Ijue mifupa

Ingia darini mchana, ukikanyaga mbao tu, usiikanyage dari yenyewe. Zima tochi kwanza. Popote unapoona nukta ya mwanga, weka alama.

Sasa washa tochi utazame mpangilio wa mbao. Juu ya ukuta umelala mtambaapanya, ile mbao ndefu inayokaliwa na kenchi. Juu yake zimesimama kenchi, zile pembetatu za mbao au chuma zinazobeba kila kitu, na juu ya kenchi zimepita papi, ambazo ndizo zinazoshika bati au vigae. Uzito wote hushuka kwa njia hiyo hadi ukutani.

Lakini upepo huenda kinyume, na hapa ndipo nyumba nyingi zilipo dhaifu. Upepo unapopita juu ya paa hulinyonya kwenda juu, na mnyonyo huo ni mkali zaidi kwenye kingo na pembe. Msumari uliopigwa wima kutoka juu hung'oka kirahisi. Tafuta mkanda wa chuma au nondo inayotoka ndani ya ukuta na kumfunga mtambaapanya, kisha tafuta kinachoifunga kila kenchi kwa mtambaapanya huyo. Ukikosa kimojawapo, liweke hilo mbele ya kila tengenezo lingine, hata kama paa halivuji tone.

Chomeka bisbisi kwenye mbao zilizo karibu na ukingo wa paa na chini ya kila doa. Ikizama bila nguvu, mbao imeoza. Angalia pia vijia vya udongo vya mchwa na unga laini ulioanguka. Ukikuta kipande cha kenchi kimekatwa ili kupisha bomba au tangi, usikiache hivyo. Katika pembetatu ile kila kipande ama kinavutwa ama kinabanwa, na ukikiondoa kimoja vinavyobaki vinabeba mzigo ambao havikupimiwa.

Hatua ya 2: Pima mwinamo

Ukiwa bado darini, shika ubao wa mita 1 uwe sawa kabisa kwa pima maji, ncha moja ikigusa upande wa chini wa mbao iliyolala na mteremko wa paa. Kwenye ncha ya pili, pima kwenda juu wima hadi kwenye mbao hiyo. Ukipata sentimita 25, mwinamo ni nyuzi 14 hivi. Sentimita 50 ni nyuzi 27 hivi.

Namba hiyo ndiyo inayoamua unaweza kuezeka nini. Vigae vinapandiana tu, havijazibwa, kwa hiyo vinahitaji mteremko wa kutosha ili maji yaondoke kabla upepo haujayasukuma nyuma. Bati refu linavumilia mteremko mdogo zaidi. Kila aina ina mwinamo wake wa chini uliowekwa na kiwanda. Uulize kabla ya kulipa, kwa sababu hakuna ufundi utakaoliokoa paa lililo chini ya kiwango hicho.

Uzito nao uuangalie. Vigae vya udongo au vya zege kwa kawaida hufika kilo 40 na zaidi kwa mita moja ya mraba, wakati bati la kawaida huwa kilo 3 hadi 5. Kenchi zilizotengenezwa kwa ajili ya bati zisibebeshwe vigae kwa sababu tu vinapendeza. Na ukinunua bati, kumbuka geji huhesabiwa kinyumenyume: geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Hatua ya 3: Hesabu maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Chukua nyumba ya mita 10 kwa 8 ambayo paa lake limetokeza sentimita 60 kila upande. Paa hilo linafunika mita 11.2 kwa 9.2, yaani mita za mraba 103. Mvua ya milimita 20 inaliletea zaidi ya lita 2,000, na zote zinapita kwenye mifereji na mabomba machache. Sasa tazama yako: ni mabomba mangapi, na je, majani yameyaziba?

Hatua ya 4: Fuata maungio kutoka juu

Anza na kofia, lile bati lililokunjwa juu ya kilele. Iwe imelala vizuri pande zote mbili na isiwe imeinuliwa na upepo. Kisha skrubu. Kwenye bati la mikunjo ya mviringo hukaa juu ya mgongo wa mkunjo, kwa sababu maji hupita bondeni. Mpira ulio chini ya kichwa chake ubanwe kiasi cha kukaa sawa. Ukibanwa kupita kiasi hupasuka, ukilegezwa maji hupenya.

Halafu bonde, pale miteremko miwili inapokutana kwa ndani. Hapa simama muda mrefu. Bonde linapokea maji ya pande mbili, na ndipo majani yanapolala. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba iliyobadilishiwa mabati mara mbili na bado ikavuja chumba kilekile. Bati la bonde lilikuwa jembamba mno, na fundi aliyetangulia alipigilia misumari katikati yake, ndani kabisa ya njia ya maji. Tulitoa bonde lile, tukaweka pana lenye kingo zilizokunjwa, tukafunga pembeni tu. Mabati yale hayakuwa na kosa lolote.

Penye paa kugusa ukuta, bati la kuzuia maji lipande ukutani na ncha yake ya juu iingie ndani ya mfuo uliochongwa kwenye ukuta. Lililobandikwa kwa silikoni peke yake litaachia, kwa kuwa jua hulipanua bati na baridi hulirudisha kila siku. Nyumba zenye ukuta uliopandishwa kuficha paa huwa na mfereji wa ndani kati ya paa na ukuta huo, na kwa maoni yangu zinahitaji tundu la dharura ukutani, ili bomba likiziba maji yatoke nje uyaone badala ya kuingia ndani.

Paa likiwa la karatasi za saruji za zamani, huenda zina asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu. Usizikate, usizitoboe, usizisugue. Hizo waachie wenye ujuzi na vifaa vya kuziondoa.

Hatua ya 5: Jaribu kwa mpira

Siku kavu, mtu mmoja akae darini na tochi. Wewe mwagilia ukiwa chini au kwenye ngazi iliyoshikiliwa imara, ukianzia ukingo wa chini wa paa. Kaa dakika 10 sehemu moja kabla ya kupanda juu kidogo. Ukianza juu utalowesha kila kitu na hutajua maji yameingilia wapi. Mwenzako akipaza sauti, funga maji hapohapo, piga picha mahali hapo kwa nje na kwa ndani, na picha hizo ndizo utakazomwonyesha fundi.

Usipopata tone lolote, na bati hulowa kwa ndani asubuhi hata bila mvua, basi huo ni mvuke wa ndani ya nyumba uliogeuka maji kwenye bati baridi usiku. Silikoni haitausaidia. Fungua matundu ya hewa chini ya kingo za paa na karibu na kilele, kisha rudi darini alfajiri chache zinazofuata uguse bati kwa mkono.