Kabla hujamruhusu fundi afungue injini ya pikipiki kuukuu

Mimi ni bibi shamba, si fundi. Vijiji vya Njombe nimevizunguka kwa Honda CG125 niliyoinunua mwaka 2009 ikiwa tayari imeshatumika sana, na haya ninayoyaandika nimejifunza kando ya barabara, mikono imejaa grisi na mvua inanyesha.

Mwaka 2016 ilianza tabia ya kuzima njiani. Asubuhi inawaka vizuri, inakwenda kilomita kama kumi na mbili, halafu inalegea taratibu, inakohoa mara mbili tatu, kimya. Ukikaa dakika kumi ukapiga kiki, inawaka tena. Nikaipeleka kwa fundi. Akapiga kiki mara moja, akasikiliza, akasema, "Mama, hapa ringi zimekwisha. Tufungue, tuchonge silinda."

Niliuza magunia manne ya viazi. Tukaweka pistoni mpya, ringi mpya (zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni) na gasketi. Siku ya tatu, kwenye mpando wa njia ya Makete, ikazima vilevile. Nikafungua mfuniko wa tangi nione kama mafuta yapo. Nikasikia "fyuuu", tangi linavuta hewa. Nikapiga kiki ikawaka mara moja.

Mfuniko wa tangi una kitundu cha kupumulia. Mafuta yakishuka kwenda kwenye kabureta, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Changu kilikuwa kimeziba kwa tope lililokauka, basi mafuta yakawa yanagoma kushuka. Nikisimama, hewa ilijipenyeza kidogokidogo, ndiyo maana baada ya dakika kumi ilikubali kuwaka. Dawa yake ilikuwa mswaki wa zamani, petroli kidogo, na kupuliza mpaka pumzi yangu ikapita upande wa pili. Ringi zangu hazikuwa na kosa lolote.

Tangu siku hiyo naiuliza pikipiki maswali kama ninavyomuuliza mkulima aliyeniletea jani la mhindi lenye madoa: lilianza lini, sehemu gani ya shamba, baada ya mvua au kabla? Ninalo daftari chini ya kiti. Naandika kabla sijagusa spana: imezima ikiwa baridi au imepata moto? Ghafla au taratibu? Nilikuwa napanda mlima, nashuka, au nimesimama? Ikizima ghafla kama mtu aliyezima swichi, naanza na umeme. Ikilegea taratibu kama yangu ya Makete, naanza na mafuta. Ikizima ikiwa ya moto na kukataa kabisa mpaka ipoe, hata mfuniko wa tangi ukiwa wazi, nashuku koili, inayotengeneza umeme mkali wa plagi, au tapeti zilizobana, yaani zisizoacha mwanya kwenye valvu, ile milango ya hewa na moshi ya injini.

Halafu kuna vitu vya aibu ambavyo lazima uvitazame kwanza: koki ya mafuta iko wazi? Swichi ya kuzimia kwenye usukani imeguswa? Waya wa betri umelegea?

Sasa toa plagi. Hakuna kitu kwenye pikipiki kinachosema kweli kama plagi, ila isome baada ya kutembea kilomita kadhaa na kuzima hapohapo. Ukiiacha injini ingurume muda mrefu imesimama, plagi itakudanganya kwa masizi. Rangi ya kahawia kama korosho iliyokaangwa, injini ina afya. Nyeusi na kavu kama sufuria la kuni, mafuta ni mengi kuliko hewa: angalia chujio la hewa, angalia choki isije ikawa imebaki imevutwa. Sisi wa Njombe tuko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo plagi zetu huwa nyeusi kidogo kuliko za mtu wa Dar es Salaam mwenye kabureta ileile. Nyeusi, iliyolowa na inayoteleza, injini inakula oili. Nyeupe kama chokaa, mafuta hayatoshi au injini inapata joto mno, na hilo usilichelewe.

Kujaribu moto: rudisha plagi kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye mapezi ya injini, piga kiki. Iweke mbali na tundu ilikotoka, maana pale panatoka mvuke wa petroli. Unataka cheche ya bluu inayolia "tap". Kama hakuna, usikimbilie kununua koili. Fungua kofia ya plagi kwa kuizungusha, kata waya nusu sentimita kwenye ncha iliyoota kutu, irudishe, jaribu tena. Mara mbili hilo limenifikisha nyumbani. Mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Kama injini yako ni ya zamani ile yenye platini, vile vinundu viwili vinavyogusana na kuachana kukata umeme wa plagi, zisafishe kwa msasa laini na uzipime, milimita 0.3 hadi 0.4.

Moto ukiwepo, geukia mafuta. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Kinga chupa safi ya kioo, fungua, acha itulie. Ukiona matone mazito yamekaa chini kama shanga, hayo ni maji, na petroli ya kwenye chupa za kando ya barabara huja nayo mara nyingi. Pikipiki inayowaka kwa choki tu na kufa ukiirudisha, jeti ya silensa (kitundu cha mafuta ya mngurumo wa chini) imeziba, au kuna hewa inayoingia kwenye mpira kati ya kabureta na injini. Nyunyiza maji kidogo pale ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umepata pa kushika. Na jeti usiichokoe kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu linapanuka, na tangu hapo itakunywa mafuta siku zote. Puliza, au tumia unywele mmoja wa waya wa shaba.

Hapo ndipo kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, inapofika zamu. Kiki nzuri inakusukuma mguu. Ikishuka laini kama unakanyaga sifongo, toa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye tundu, rudisha plagi, piga tena. Kiki ikiwa nzito sasa, ringi au silinda zimechoka. Ikibaki laini, tatizo ni valvu, na valvu anza na tapeti kabla ya kufungua chochote kikubwa. Injini ikiwa imepoa usiku kucha, zungusha injini mpaka alama ya T iliyo kwenye gurudumu la magneti ilingane na alama ya kwenye injini, hakikisha tapeti zote mbili zinacheza, kisha pima kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya: milimita 0.08 kwa kila moja. CG inasukuma valvu kwa fito badala ya mnyororo, kazi hii unaimaliza nusu saa kwa spana mbili na bisibisi. Tapeti inayolia kidogo isikutishe. Iogope iliyonyamaza kabisa, maana valvu haifungi vizuri na inaungua polepole.

Moshi nao una lugha yake. Mweupe wa asubuhi ya Juni hapa kwetu ni mvuke wa baridi, uache. Mweusi ni petroli. Wa bluu unaotoka unapowasha tu kisha ukapotea, ni mipira ya valvu. Wa bluu unaozidi kila ukifungua resi mlimani, hizo ndizo ringi, na hapo fundi akikuambia mfungue, mkubalie.

Kuna sauti moja tu ambayo sihangaiki nayo mwenyewe: "ko, ko, ko" nzito kutoka chini ya injini, inayoongezeka ukibeba mzigo. Hiyo ni konrodi, mkono unaoshika pistoni kwa chini, au beringi zake. Zima hapohapo, isukume au ipakie kwenye gari, na ukifika kwa fundi mpe ukurasa wa daftari kabla hajagusa kiki.