Kupamba Harusi ya Kiangazi Mjini Kigoma

Harusi ya kati ya Juni na Septemba, mvua zikiwa zimekatika, ifanyike nje kando ya Ziwa Tanganyika, na kwa kuwa jua huzama upande wa Kongo karibu saa moja jioni, viti vipangwe mshazari ili wageni wasimulikwe machoni, nanyi mpige picha kuanzia saa kumi na mbili. Badala ya satini nzito iliyozoeleka, chagueni kitenge cha rangi mbili tu, tuseme kijani na udongo, kwa meza na sare za wasimamizi. Makuti ya michikichi, ambayo hapa si ya kutafuta, yakatwe asubuhi ileile. Gauni lisiburuze, vumbi la msimu huu halina adabu.